Mguu mmoja ukivunjika, mi naiogopea ile mitatu iliyobaki

Ahsanteni kwa kuja jamani. Naanza na swali ambalo naulizwa kila ninapokwenda, eti daktari, kwa nini pundamilia akivunjika mguu anapigwa risasi wakati mtu anafungwa piopii, ile plasta ngumu, na baada ya miezi kadhaa anatembea? Wanaouliza wanauliza kwa uchungu na mi mwenyewe uchungu huo ninao, kwa hiyo leo nalijibu taratibu.

Hebu kila mtu anyooshe mkono, ashike hapa unapovaa saa. Hapo ndo kile tunachokiita goti la mbele la pundamilia. Goti lake la kweli liko mguu wa nyuma, juu kule karibu na tumbo, na kile kinachojikunja kurudi nyuma ni kisigino. Yaani mnyama mzima anasimama kwa kidole kimoja kila mguu, kile cha kati, na kwato ndo ukucha wenyewe. Kuanzia hapo kwenye saa kushuka chini nyama hakuna, ni ngozi, kano na mfupa basi, mguu unakuwa mwepesi anakimbia vizuri mno, ila mfupa ukivunjika unatoboa ngozi kirahisi, uchafu unaingia, na nyama ya kuuletea damu upone haipo.

Haya, tuseme tumeuunga. Farasi ni ndugu yake pundamilia, na kuna farasi wa mbio aliitwa Barbaro, tarehe 20 Mei 2006 kule Marekani alivunjika mguu wa nyuma wa kulia katikati ya mashindano. Daktari Dean Richardson akamwekea pleti na skrubu 27, wakamwamsha kutoka nusukaputi akiwa ndani ya bwawa la maji ili akirusha mateke asijivunje tena. Mguu ule ukawa unaendelea vizuri, lakini ule wa kushoto, mzima kabisa, ndo ukaharibika. Ndani ya kwato kuna tishu inayoushikilia mfupa wa kidole, na damu yake inategemea mnyama akanyage, ainue, akanyage, ainue, sasa ukibeba uzito bila kupumzika damu haifiki na tishu inaachia. Mwisho miguu ya mbele nayo ikaanza, na tarehe 29 Januari 2007 ikabidi apumzishwe milele, yaani auawe asiteseke zaidi. Na huyo amezoea watu tangu mdogo! Pundamilia wa porini akizinduka akaona binadamu na kuta anapigana mpaka misuli yake yenyewe inaharibika, anaweza kufa kwa hofu hata kabla mfupa haujaanza kuunga.

Simba ni habari nyingine kabisa, yeye hata akiwa mzima analala saa nyingi za siku, miguu imejaa nyama, mwili wake unakubali kutulia.

Tembo ndo ananinyima usingizi. Mtu akivunjika paja tunapitisha chuma kirefu ndani ya mfupa, kwenye ule uwazi wa uboho, lakini mifupa ya miguu ya tembo haina uwazi huo, imejaa mfupa wa vitundu vitundu kama sponji, utapitishia wapi? Na akilala kifudifudi chini ya dawa uzito wake unambana pumzi, lazima mumsukume haraka alale ubavu.

Thailand kuna tembo anaitwa Mosha, alikanyaga bomu la ardhini mwaka 2006 akiwa na miezi 7, akapoteza sehemu ya mguu wa mbele wa kulia. Daktari Therdchai Jivacate, mtengenezaji wa miguu bandia ya watu, akamwona anaruka ruka kwa mitatu, akajua uzito ukiongezeka ile mitatu na mgongo havitahimili, akamtengenezea wa bandia. Mosha akakua ukawa mdogo, akatengenezewa mwingine, akakua tena, mwingine tena.