Udongo Uliojichoma: Kupanda na Kutoweka kwa Kiwanda cha Matofali cha Stewartby

Mabibi na mabwana, aliyewahi kuchoma tanuri la matofali kijijini anajua kwamba kinachomaliza fedha ni kuni, wala si kufyatua. Katika bonde la Marston, jimbo la Bedfordshire nchini Uingereza, mzigo huo ulibebwa na udongo wenyewe. Udongo wa huko ulitua chini ya bahari katika zama za Jurassic, enzi za dinosaria, ukiwa na mabaki mengi ya viumbe, na mabaki hayo hushika moto ndani ya tofali, hata makaa ya mawe yanayohitajika yakapungua kwa takribani theluthi mbili. Aina hiyo ya tofali huitwa Fletton, kwa jina la kijiji kilicho karibu na Peterborough ambako ufundi wake ulianza miaka ya 1880.

Tanuri lilikuwa mzunguko wa vyumba ambamo moto haukuzimwa, bali ulihamishwa kutoka chumba hadi chumba, huku wachomaji wakitembea juu ya paa lake na kudondosha makaa kidogo kidogo kupitia vitundu vyenye vifuniko. Waliopakua matofali waliingia katika vyumba ambavyo joto lake lilikuwa bado kali, na kwa maoni yangu hao ndio wanaosahaulika mno katika historia hii. Vijana wenyeji walipoikimbia kazi hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya London Brick, iliyomiliki kiwanda cha Stewartby, iliajiri maelfu ya Waitalia kuanzia mwaka 1951, na mpaka leo mji wa Bedford una jamii kubwa yenye asili ya Italia.

Katika miaka ya 1930 Stewartby, kijiji cha bonde hilo kilichojengwa kuanzia 1926 kwa ajili ya wafanyakazi, kilitoa matofali yapatayo milioni 500 kwa mwaka, na kiwanda chake kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani.

Lakini udongo uleule uliookoa makaa ulikuwa na salfa, na moshi wake ulinuka bonde zima. Sheria za hewa safi zilipokazwa, wamiliki walishindwa kushusha kiwango cha salfa hadi kile kilichotakiwa, wakakifunga kiwanda mwaka 2008. Mabomba manne ya mwisho ya moshi yalibomolewa kwa baruti mwaka 2021. Uchomaji wa Fletton ulibaki katika kiwanda cha King's Dyke, mjini Whittlesey karibu na Peterborough, na wateja wake wakuu wakawa wenye nyumba wanaotaka ukuta mpya ulingane na wa zamani.