Habari Iliyotufikia na Habari Tuliyoitafuta: Kitenzi averiguar kwa Watembeza Watalii

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, ndugu zangu watembeza watalii, na nyinyi vijana mliotoka Nungwi na Makunduchi alfajiri ili muwahi hapa mjini, karibuni. Nimepewa saa moja nizungumze juu ya Kihispania. Kwa saa moja lugha haifundishiki, lakini kitenzi kimoja kinaweza kukaa sawasawa kwenye ulimi. Nimechagua averiguar.

Nimekichagua kwa sababu kazi yetu inakihitaji kila siku. Mgeni anakuuliza boti ya Pemba inaondoka saa ngapi, maji yanajaa lini Paje, ule mlango wenye njumu za shaba una umri gani. Unajua au hujui. Ukiwa hujui, kuna sentensi moja itakayokuokoa wewe na uongo na kumwokoa yeye na upotofu: voy a averiguarlo. Nakwenda kulitafuta jawabu lake. Kisha unakwenda kweli, na unarudi.

Tuanze na mdomo. Hiyo v Wahispania huitamka kama b laini, midomo haikazani, na ile gu ni gw yetu ya gwaride. A-be-ri-gwar, mkazo mwishoni. Semeni pamoja. Tena. Vizuri.

Sasa maana yake, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Averiguar kimetoka kwenye neno la Kilatini verificare, na ndani ya neno hilo mna verus, yaani kweli, na facere, yaani kufanya. Kukifanya kitu kiwe kweli, kukitoa kwenye tetesi na kukitia kwenye uhakika. Sisi nasi tuna kuhakiki. Kimetujia kutoka Kiarabu, kwenye shina lilelile la haki na hakika. Tazameni basi: Mhispania alilifuata neno la Kirumi, babu zetu wakalifuata la Kiarabu, na wote wakaona kwamba kuchunguza jambo ni kulipeleka kwenye kweli. Mimi nilipoliona hilo mara ya kwanza sikulala. Tangu siku hiyo sikukisahau kitenzi hiki, na nyinyi pia mkikifunga kwenye kuhakiki hamtakisahau.

Lakini Kihispania kina kitenzi cha pili, nacho ndicho kinachowachanganya wanafunzi wangu: enterarse. Vyote viwili mtu akivitazama kwa haraka ataviita kujua jambo ambalo hukuwa unalijua. Tofauti yao ni njia habari ilimopita. Unapita Darajani kwa shughuli zako, rafiki yako anakushika mkono, anakwambia fulani amefunga ndoa. Hukuuliza, habari imekujia. Hapo sema me he enterado. Lakini ukitoka hapa kwa miguu yako, ukaenda Malindi bandarini, ukauliza kwenye dirisha la tiketi, ukaambiwa, ukarudi na jibu, hiyo ni he averiguado. Wazee wetu wanasema kusikia si kuona. Mhispania ameiweka tofauti ya namna hiyo kwenye vitenzi vyake, na akikusikia umetumia kimoja badala ya kingine anakuwa ameshapima uzito wa maneno yako kabla hujamaliza.

Kwa mtembeza watalii hili si jambo dogo. Tuko Kizimbani, mgeni ameshika karafuu kiganjani. Wao huiita clavo, neno hilohilo la msumari, na ukiitazama karafuu kavu ilivyo na kichwa na mguu utaelewa kwa nini. Anakuuliza: mbona karafuu nyingi zinatoka Pemba na sultani alikuwa akikaa Unguja? Nimewasikia vijana wakijibu lolote linalowajia. Mmoja alisema Wapemba walipewa mikarafuu yote kama zawadi ya harusi. Ndugu zangu, hilo linaniuma. Jawabu lipo: mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja kikaangusha mikarafuu mingi mno, na Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika. Mashamba ya Pemba yakashika mbele tangu hapo. Hadithi hiyo ni yetu, ni nzito, na mgeni atakwenda nayo kwao. Kama hukuwa unaijua, voy a averiguarlo, na kesho yake asubuhi unampa.

Enterarse nacho kina masharti yake. Hakitembei bila me, te, se mbele yake, na nyuma hufuatwa na de: me enteré de la noticia. Averiguar hakitaki de hata kidogo. Na muogopeni mtu anayewafundisha kumuuliza mgeni ¿te enteras? ili kujua kama amefahamu. Masikioni mwao ni ukali, kama kumwambia mtu mzima «umenisikia wewe?» Semeni ¿me explico?, nimejieleza vizuri?, na lawama inabaki kwenu.

Kuna na saber pia, kujua. Kikiwa sabía, nilikuwa najua. Kikiwa supe, nilikuja kujua, siku ile, saa ile. Kwa leo hicho kinatosha.

Turudi kwenye averiguar, tukiendeshe. Wakati uliopo ni averiguo, averiguas, averigua. Mkazo uko kwenye ri: a-be-RI-gwo. Wanafunzi wa mataifa mengine hukosea hapa, wakaivuta ile u kwa kuifuata continúo. Sisi Kiswahili kimetulea na mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tukisema kwa mazoea yetu tu tumepata.

Mazoea hayohayo yanatuangusha kwenye wakati uliopita. Nilichunguza ni averigüé, mkazo mwishoni kabisa: a-be-ri-GWE. Zile nukta mbili juu ya u msizidharau. Mhispania akiandika gue huisoma ge, kama kwenye guerra, vita. Akitaka ile w isikike mbele ya e, huweka nukta mbili. Bila nukta hizo kitenzi chako kinapoteza kitovu chake.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa na mzee mmoja wa Kihispania na mkewe. Jioni nzima nilikuwa nimehangaika kuwatafutia saa ya boti. Asubuhi nikataka kumwambia kwamba jana nimeitafuta, lakini mkazo nikauweka pale ulimi wangu ulipozoea. Nikasema a-be-RI-gwe. Mzee akanyamaza, akamtazama mkewe, kisha akaniuliza kwa upole aende akamuulize nani. Nilikuwa nimemwamuru. Averigüe, mkazo ukikaa kwenye ri, ni amri ya heshima: bwana, tafuta mwenyewe. Kazi yangu yote ya jioni ilipotea ndani ya silabi moja.

Kwetu mkazo mara chache hugeuza maana, lakini jambo lenyewe tunalijua. Mtu hupita barabara, na mtu hufanya kazi barabara. Herufi ni zilezile, sauti inapanda mahali pawili tofauti, na hakuna mtoto wa Zanzibar anayekosea. Basi sikio la kusikia averigüé na averigüe mnalo tayari, kazi iliyobaki ni ya ulimi.

Na ukiona ulimi bado mzito, kuna njia salama: he averiguado. Hiyo inakaa karibu na -me- yetu. Nimechunguza, he averiguado. Nilichunguza, averigüé. Wahispania wa Uhispania, kwa jambo la leo asubuhi, husema he averiguado, kwa hiyo utakuwa huru na ile GWE na utakuwa umesema kama wao. Watu wa Amerika ya Kusini mara nyingi hutumia averigüé hata kwa jambo la leo. Ukipata mgeni kutoka Argentina au Colombia utaisikia sana, na utasikia averiguar kwenye mambo madogo kabisa, bei, ratiba, hoteli.

Nyuma ya kitenzi hiki weka swali lako zima. Voy a averiguar si hay sitio, kama kuna nafasi. Cuánto cuesta, kiasi gani. A qué hora sube la marea, maji yanajaa saa ngapi. Na kama swali limeshatajwa, weka lo, kama sisi tunavyoweka -ki- au -li- ndani ya kitenzi: lo averiguo, ninalitafuta.

Ila hilo la saa naomba mnisikilize sana. Umekwenda bandarini, umehakiki kama inavyotakiwa, umeambiwa boti ni saa moja asubuhi. Unarudi kwa mgeni unamwambia a la una. Mgeni anaamka kwa raha zake, anakunywa chai, anateremka Malindi mchana, na boti imeshafika Mkoani. Saa moja yetu ni las siete. Ukichunguza kwa Kiswahili na ukajibu kwa Kihispania, saa ihesabu upya njiani.

Wahispania wana msemo mmoja, Averígüelo Vargas. Husimuliwa kwamba Malkia Isabel wa Castilla, aliyetawala kuanzia 1474 hadi alipofariki 1504, alikuwa na hakimu wake aitwaye Francisco de Vargas, na kila lilipomfikia jambo la kutatanisha aliandika pembeni maneno hayo mawili: Vargas na alichunguze. Leo husemwa juu ya jambo gumu kupatikana ukweli wake. Mgeni wako akilisikia kinywani mwako atafurahi, na nyinyi mmeshajua kwa nini mkazo wake uko kwenye ri: ni amri, ileile niliyompa yule mzee bila kukusudia.

Kabla sijakaa, nina deni. Mwezi uliopita dada mmoja anayewatembeza wageni Jambiani aliniuliza Wahispania wanaiitaje bamvua, yale maji makubwa ya bahari, kwa sababu wageni wake humwona akihesabu mwezi kabla ya kuwapeleka kwenye mwani, wanataka wajue anahesabu nini. Sikuwa najua. Nilimwambia voy a averiguarlo, na leo namuona amekaa pale nyuma. Dada yangu, lo he averiguado. Bamvua ni marea viva, maji yaliyo hai. Na yale ya mwezi wa robo, ambayo nyinyi watu wa pwani mnayaita maji mafu, wao nao huyaita hivyohivyo: marea muerta.