Kila Tonado Ikipiga Marekani Mnaniuliza Wamekufa Wangapi

Assalamu alaykum, ndugu zangu watazamaji wa Unguja na Pemba. Swali nililolikuta tena chini ya video zangu ni lile lile linalonifikia kila Marekani inapopigwa na vimbunga vya tonado: "Dada, ni kweli wamekufa mia? Mbona umekaa kimya, nawe uko huko huko?" Nimeamua kulijibu kwa urefu, ingawa najua tangu sasa kwamba wapo watakaosema ninajitangaza kwa msiba wa watu, na wengine watasema nimeanza kulia shida ili nichangiwe. Sihitaji mchango. Ninazungumza kwa sababu mama yangu, aliye Wete, alipewa mkono wa pole kwa ajili yangu nikiwa hai.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11 Disemba 2021. Ninaishi Bowling Green, katika jimbo la Kentucky, mji ambao Kiswahili kinasikika madukani kwa sababu ya ndugu zetu wakimbizi waliotoka Kongo. Tonado ilitufikia saa saba na dakika kama ishirini za usiku, na kwenu ilikuwa saa nne asubuhi, watu wako macho na simu ziko mikononi. Nilikuwa nimelala sakafuni bafuni, chumba pekee kisicho na dirisha, nimejifunika godoro. Umeme ukakatika, kisha mtandao nao ukapotea. Kulipokucha, gavana Andy Beshear alitangaza kwamba waliokufa ni zaidi ya 50 na huenda wakakaribia 100, akimaanisha jimbo zima, na hofu yake kubwa ilikuwa juu ya kiwanda cha mishumaa cha Mayfield, mji ulio mbali na kwetu upande wa magharibi. Huko nyumbani, mtu fulani akarikodi ujumbe wa sauti akisema Bowling Green imefutika na Wazanzibari waliokuwamo wamekwisha wote. Mchana majirani wakaanza kufika barazani kwa mama. Mmoja aliuliza khitma itasomwa siku gani. Mimi nilipata mtandao saa kumi alasiri ya huku, na kwa mama ilikuwa usiku wa manane.

Sasa nisikilizeni kuhusu hizo hesabu. Kiwandani Mayfield walikuwamo watu wapatao 110, na saa za mwanzo walikuwa wameokolewa 40 tu, kwa hiyo kila aliyepiga hesabu aliwatoa arobaini katika mia na kumi akadhani waliobaki wamekufa. Wengi walikuwa wametoka na kukimbilia walikoweza bila kuandikwa na mtu. Waliofariki pale mwishowe walikuwa tisa, na jimbo zima takriban 80, wakiwemo 17 wa kaunti yetu ya Warren. Tisa si wachache kwa mama zao. Lakini fikirini familia ngapi zilikaa usiku ule zikiwalilia watu walio hai. Tonado ilipoupiga mji wa Moore, jimbo la Oklahoma, mwezi Mei 2013, ilitangazwa kwamba waliokufa wamefika 91, na kesho yake ikasahihishwa kuwa 24, kwa sababu katika zahama ile baadhi ya maiti zilihesabiwa mara mbili.

Hata tonado yenyewe huhesabiwa mara mbili. Watu watano wa vijiji vitano wakiripoti walichokiona, orodha ya awali huweza kuonyesha tonado tano kumbe iliyopita ni moja. Usiku wetu ule kosa lilikwenda upande wa pili: ilisemekana tonado moja imekata majimbo manne na kuvunja rekodi ya urefu wa njia ya tonado, maili 219, iliyowekwa mwaka 1925, mpaka wataalamu wa hali ya hewa walipoifuata njia yake, wakikagua miti na misingi ya nyumba, wakakuta kwamba zilikuwa mbili, na ile ndefu ilikwenda maili 165 na ushei. Hata daraja la ukali, kuanzia sifuri hadi tano, hutolewa baada ya kukagua uharibifu, kwa hiyo anayekutumia daraja hilo asubuhi ile ile anakutumia dhana.

Kuna atakayesema kwamba wakubwa daima hupunguza idadi na kwamba uvumi ndio mkweli. Simlaumu, maana sisi Wapemba tuna jeraha letu. Meli ya abiria MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, miili iliyopatikana ilipita kidogo 200, na miezi ikapita ndipo tume ikaeleza kwamba waliopotea ni zaidi ya elfu moja. Ami yangu alikuwamo. Tuliletewa karatasi yenye jina lake miongoni mwa waliookolewa, tukashukuru, bibi akachinja kuku. Lilikuwa jina la mtu mwingine, na ami hajaonekana hadi leo. Kwa hiyo sisemi kwamba idadi ya mwanzo huwa kubwa mno au ndogo mno. Ninasema ni ya mwanzo.

Uvumi wa pili ulinigharimu fedha. Ilienea kwamba serikali ya Marekani imemlipa kila aliyeathirika, na wiki ile ile ndugu wanne wakaniomba ada za skuli na mabati. Ukweli ni kwamba rais akishatangaza maafa makubwa, mtu hujiandikisha mwenyewe FEMA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia maafa, hukaguliwa nyumba, huthibitisha kwamba alikuwa akiishi hapo, na kama ana bima hutakiwa kwanza alete barua ya bima, kwani hasara moja hailipwi mara mbili. Mwenye viza ya kazi au ya masomo kwa kawaida hastahili fedha hizo mwenyewe, ingawa anaweza kumwombea mtoto wake aliye raia. Mimi nilikuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, lakini mkataba wangu wa nyumba ulikuwa umelowa hadi haukusomeka, mwenye nyumba hakupokea simu kwa majuma mawili, na amana yangu hakuirejesha. Bima ya gari nayo ilitaka hati halisi, na hati ilikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa chini ya mti. Nilipowaeleza nyumbani, niliambiwa nimebadilika.

Sasa ninavyofanya ni hivi, na ni utaratibu wangu mimi, kila mtu ana hali yake. Nakala za hati zangu anazo dada yangu Chake Chake. Onyo likitoka, namwandikia mama neno moja kabla mtandao haujakatika, naye hamjibu mtu mpaka nimempigia. Hapa kwenye video sitaji idadi yoyote mpaka majina yawe yametolewa, hata mkiniita mwoga.

Mnaouliza ni nani aliyerikodi ile sauti, hatukumjua. Mama bado anayo katika simu yake, na kila nikimwomba aifute husema bado.