Nyekundu uliiona, ila ilikuwa ya nani?

Karibuni, walio nyuma sogeeni huku mbele jamani, viti vipo.

Sasa hivi, ukiona bodaboda nyekundu inakatiza pale Kariakoo unajisikia umeiona yote kwa mpigo, rangi, umbo, inakoelekea, kitu kimoja. Ila kwenye ubongo rangi inashughulikiwa kivyake, umbo kivyake, mwendo kivyake, halafu ndo vinaunganishwa, na mwaka 1980 Anne Treisman, mwanasaikolojia kutoka Uingereza, na mwenzake Gelade wakasema gundi yenyewe ni umakini. Usipokiangalia kitu kwa umakini, vipande vyake vinaelea.

Mnaniangalia kama natunga. Treisman na Schmidt walilipima hili, wakachapisha 1982. Watu wanaonyeshwa herufi za rangi kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na kazi yao kubwa ni kusoma namba zilizo pembeni, halafu wanaulizwa herufi. Basi mtu anakwambia kaona T ya kijani wakati T ilikuwa nyekundu na kijani ilikuwa ya X! Rangi ambayo haikuwepo kabisa waliitaja mara chache zaidi, kwa hiyo hawakuwa wanabahatisha tu, waliona vitu vya kweli vikaungwa vibaya.

Sura za watu zina utaratibu wake, zile tunazisoma kama kitu kizima, ndo maana picha ya sura ukiigeuza juu chini inakuwa ngumu kweli kuitambua, mtafiti mmoja, Yin, alilionyesha hilo 1969. Lakini mtu anayekimbia kakupa mgongo, sura huioni, umebaki na rangi na umbo.

Na hapa ndo roho inaniuma. Inapigwa kelele ya mwizi, kila mtu anageuka, macho yako kwenye mkoba, kwenye magari, kwa yule mama anayelia, mmoja anasema kavaa shati jekundu na hasemi uongo, nyekundu kweli aliiona, huenda ilikuwa ya kijana muuza maji aliyekuwa anapita, na watu wanaanza kumpiga huyo. Kwa hiyo wadogo zangu, ukiulizwa, kituo cha polisi au pale pale barabarani, toa kila kipande kivyake: nimeona nyekundu, nimeona mtu anakimbia, kama nyekundu ilikuwa yake sina uhakika. Andika hivyo hivyo hata anayekuhoji akikulazimisha uunganishe.

Haya, maswali, tuanze na dada pale.