Ngisi wa Kujazwa wa Oveni: Laini na Wasiopasuka

Karibuni jikoni, wapenzi watazamaji. Leo tunapika ngisi wa kujazwa kwenye oveni, na nataka tukimaliza uwe na ngisi mnene, mzima, ambaye ukimgusa kwa uma anaachia bila kung'ang'ania. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi wameshakata shauri kwamba ngisi ni mpira. Ngisi hupikwa kwa njia mbili tu. Ama dakika mbili tatu kwenye moto mkali, ama muda mrefu kwenye moto wa wastani. Ukimtoa hapo katikati, lazima awe mgumu. Huyu wa kujazwa hawezi kuiva kwa dakika mbili, kwa kuwa moto unatakiwa ufike mpaka ndani, kwa hiyo sisi leo tunakwenda njia ndefu. Tengeneza nafasi ya saa moja na nusu hadi mbili, na usiwe na haraka.

Hapa nina ngisi sita, kila mmoja mwili wake una urefu wa kama sentimita 15. Hiyo ndiyo saizi ninayoipenda. Wadogo sana wanasumbua kujaza, na wakubwa sana nyama yao ni nene, wanataka muda zaidi. Ukiwachagua, nusa. Ngisi mzuri ananukia bahari tu. Macho yawe maangavu, na mnofu chini ya ngozi uwe mweupe. Ukiona mnofu umeshageuka wa waridi, rangi ya ngozi imeanza kuingia ndani, na huyo amekaa siku nyingi. Walioganda kwenye friza hawana ubaya wowote, tena barafu huvunja nyuzi za nyama na kuwalainisha kidogo. Wahamishie kwenye friji usiku uliotangulia wayeyuke taratibu.

Sasa tuwasafishe. Sogea uone vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoogopa, na kumbe ni kazi ya dakika moja kwa ngisi mmoja. Shika mwili kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia shika kichwa, karibu kabisa na macho. Vuta polepole, usikurupue. Umeona? Kichwa kinatoka pamoja na matumbo yote. Hiki kifuko chembamba chenye rangi ya fedha kinachong'aa ndicho cha wino. Kikipasuka usiogope, wino hauna madhara, ila utachafua meza na vidole. Kata kichwa hapa, chini tu ya macho, ili minyiri ibaki imeshikana. Halafu bonyeza katikati ya minyiri kwa kidole gumba. Kinachochomoza ni mdomo wake, mgumu na wenye ncha. Utoe, utupe.

Rudi kwenye mwili. Ingiza kidole ndani, upande wa mgongoni, upapase. Utahisi kitu kigumu kinachoteleza. Kivute. Kinatoka chote kizima, angavu kama kipande cha plastiki, umbo lake kama unyoya. Huo ndio uti wake. Usipouondoa utakuja kukutana nao mdomoni. Osha ndani kwa maji ya baridi, ukizungusha kidole mpaka usihisi utelezi wa matumbo. Ngozi hii ya zambarau inaambuka kwa kuvutwa tu. Mapezi nayo yang'oe taratibu usije ukatoboa mwili, na usiyatupe, tutayakata pamoja na minyiri. Mwisho kausha kila kitu kwa taulo la karatasi.

Tuje kwenye mchanganyiko wa kujazia. Nina nusu kikombe cha mchele niliouchemsha dakika nane tu nikaumwaga maji, yaani umeiva nusu, kiini bado kigumu. Nimefanya hivyo makusudi. Ngisi atatoa maji akiwa ndani ya oveni, na mchele huu utayanywa. Mchele ulioiva kabisa utageuka uji.

Kata minyiri na mapezi vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya hindi. Weka vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya zeituni kwenye kikaango, tia kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo vidogo, kaanga mpaka kilainike bila kubadilika rangi. Ongeza punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, na harufu ikipanda tu, tia minyiri. Pandisha moto. Geuza kwa dakika mbili, uone inavyojikunja na kuwa ya waridi, basi zima. Changanya na mchele, vijiko vitatu vikubwa vya chenga za mkate mkavu, konzi ya majani ya giligilani yaliyokatwa, pilipili manga, na ganda la limau moja lililokwaruzwa. Kwaruza ile njano ya juu tu, nyeupe ya chini ni chungu.

Chumvi, ngoja kwanza. Onja. Ngisi ametoka na chumvi yake baharini, na mara nyingi nusu kijiko cha chai inatosha mchanganyiko wote. Kisha uache upoe kabisa. Ukijaza ungali wa moto, mwili wa ngisi unaanza kukaza mkononi mwako, mdomo unajifunga, na utapata taabu.

Wakati unapoa, washa oveni, nyuzijoto 180. Kama oveni yako ina feni inayozunguka, weka 160.

Na tupike rojo. Kitunguu maji kimoja, mafuta kidogo, punje mbili za kitunguu saumu, nyanya nne zilizoiva na kusagwa, kijiko kikubwa kimoja cha nyanya ya kopo, nusu kikombe cha maji. Iache ichemke dakika kumi. Iwe nyepesi kuliko unavyopenda kuila, maana oveni itaipunguza.

Sasa kujaza, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mara ya kwanza nilipopika chakula hiki niliwajaza ngisi mpaka mdomoni, nikawashona vizuri, nikajisifu jinsi walivyonona. Nilipofungua oveni, wanne kati ya sita walikuwa wamepasuka ubavuni na wali wote umeelea kwenye rojo. Niliumia, kwa sababu wageni walikuwa wameshakaa mezani. Sababu yake ni hii: ngisi akipata moto anasinyaa sana, huku mchele ndani unavimba. Mmoja anapungua, mwingine anaongezeka, na kinachoshindwa ni mnofu. Kwa hiyo jaza theluthi mbili tu. Angalia huyu ninayemshika. Nimetia vijiko vinne, nausukuma mchanganyiko kwa kidole mpaka kwenye ncha bila kushindilia, na huku juu nimeacha nafasi ya vidole viwili vitupu. Analegea, anaonekana kama hajashiba. Hivyo ndivyo anavyotakiwa kuwa.

Funga mdomo kwa kijiti cha meno, ukipitisha juu na kurudisha chini kama unayeshona. Kijiti kimoja kwa kila ngisi, na ukumbuke idadi. Halafu kwa kijiti kingine mtoboe matundu mawili matatu mwilini ili mvuke upate pa kutokea. Mchanganyiko ukibaki, usiulazimishe, utie kwenye rojo.

Chukua bakuli la oveni ambalo ngisi watakaa kwa safu moja wakikaribiana, wasipandane. Mimina nusu ya rojo chini, walaze, kisha mimina iliyobaki juu yao. Rojo iwe bado ya moto, isije ikachelewesha oveni. Ifike nusu ya ubavu wao au zaidi kidogo. Nyunyiza mafuta, funika kwa foili, na kingo zote uzibane barabara. Mvuke ukitoroka, ngisi anakauka badala ya kulainika. Weka kwenye waya wa katikati, tega saa dakika 50.

Najua utataka kuchungulia. Mimi nimefungua baada ya dakika 20 ili uone kwa macho yako, wewe usifungue. Tazama uma. Naubonyeza, mnofu unarudi kama mpira, uma hauingii. Mtu asiyejua hapa anasema ngisi ameharibika, anamtoa, na familia inatafuna mpaka mataya yanauma. Hajaharibika. Nyama imeshakaza, lakini kolajeni, yaani ile tishu ngumu inayoshikilia nyuzi za nyama, bado haijayeyuka. Inahitaji muda kwenye unyevu na joto mpaka igeuke ulaini. Nafunika, narudisha.

Dakika 50 zimetimia. Fungua foili ukianzia upande wa mbali na uso wako, mvuke huu unaunguza. Waone walivyosinyaa, na ile nafasi tuliyoiacha imejaa, wamekaza sawasawa. Uma uleule sasa unaingia kwa uzito wake wenyewe. Wako ukikataa kuingia, funika tena, ongeza dakika kumi, upime upya. Ukubwa wa ngisi na tabia ya oveni vinatofautiana, kwa hiyo amini uma kuliko saa.

Wamwagie rojo mgongoni kwa kijiko, uwarudishe bila foili kwa dakika 15, nyuzijoto 200. Hapa rojo inakuwa nzito na migongo inapata rangi. Ikianza kushika kingoni mwa bakuli, tia maji ya moto robo kikombe.

Wakitoka, waache watulie dakika kumi. Ukikata papo hapo, wali utamwagika wote. Chomoa vijiti, uhesabu: tulitia sita, vitoke sita. Tumia kisu kikali, kata mapande ya unene wa vidole viwili, mlalo kidogo, yapange juu ya rojo, kamulia limau. Ona hiki kipande, duara jeupe nje, wali na minyiri ndani, vimeshikana.

Wakibaki, wakipoa tu waweke kwenye friji pamoja na rojo yao, na uwale ndani ya siku mbili. Kuwapasha, tumia sufuria iliyofunikwa, moto mdogo, rojo na maji kidogo, mpaka wapate moto hadi katikati.