Mgeni aliyekataa kucheka

KAKA: Haya karibuni tena wapendwa, leo tuko wawili tu humu ndani, hatuna mgeni, na mada yenyewe ndo hiyo hiyo wageni, wale wanaoitwa kwenye vipindi vya mazungumzo vya tivii, vile vya kukaa kuongelea vitabu, siasa, jamii, mambo ya watu. Dada yangu hapa ndo kaileta hii mada na kanisumbua nayo wiki nzima, meseji saa sita usiku "umeiangalia ile klipu?" Nimeiangalia dada. Mara tatu.

DADA: Na?

KAKA: Na usingizi ulikata, nakwambia ukweli.

DADA: Ngoja basi niwaeleze wasikilizaji maana hawajui tunaongelea nini. Ufaransa kulikuwa na kipindi kinaitwa Apostrophes, kilianza Januari 1975 kikaisha Juni 1990, Ijumaa usiku, vipindi 724 jumla, na mwenye kipindi alikuwa Bernard Pivot, yaani yule mzee alikuwa anawaita waandishi wanne watano anawakalisha wote pamoja na yeye mwenyewe kashavisoma vitabu vyao, kavisoma kweli, sio kasoma nyuma ya jalada. Watu walikuwa wanakaa nyumbani Ijumaa kuangalia waandishi wanaongea, alafu Jumamosi wanaenda dukani kununua vile vitabu. Mwandishi akiitwa pale ilikuwa ndo keshafika.

KAKA: Nabokov, yule mwandishi wa riwaya ya Lolita, alienda pale.

DADA: Mwaka ule ule wa kwanza, 1975.

KAKA: Hii lazima niisimulie jamani. Nabokov alikuwa hapendi kabisa kuongea bila kujiandaa, basi masharti yake yalikuwa maswali aletewe kabla, akaandika majibu yote nyumbani, na pale studio wakampangia rundo la vitabu mezani ili ajifiche nyuma yake anasoma kadi zake. Alafu kulikuwa na birika la chai, na Pivot anamuuliza kwa heshima zote unaongeza chai, kumbe mle ndani ni wiski.

DADA: Na kipindi kilikuwa kizuri sana hata hivyo.

KAKA: Kizuri sana! Hapo ndo nashangaa, maana sisi tunasema mgeni mzuri ni yule anayejibu papo kwa papo, na huyu alikuwa anasoma. Alafu miaka mitatu baadaye, 1978, akaja Bukowski, mshairi na mwandishi wa Marekani, akanywa mvinyo laivu mpaka akalewa, akaanza kuwakatiza wenzake, mwisho akanyanyuka akaondoka zake kipindi kinaendelea. Na watu wanaikumbuka hiyo mpaka leo.

DADA: Wanaikumbuka ndio, ila haikubadilisha kitu chochote kaka, mtu kalewa kaondoka, basi. Mi nataka turudi kwenye klipu yangu maana hii ndo ilibadilisha. Tarehe 2 Machi 1990. Pivot kawaita waandishi, mmoja wao Gabriel Matzneff, mwanaume wa miaka hamsini na kitu, kaleta shajara zake zilizochapishwa, na mle ndani anajisifia mahusiano yake na wasichana wadogo, wa miaka 14, 15. Haikuwa siri. Alikuwa anaandika, inachapishwa, anaitwa kwenye tivii. Na Pivot anaanza naye kwa utani, anamchokoza kidogo kuhusu hivyo vibinti, watu wanatabasamu, yeye mwenyewe anajibu kwa sauti nyororo kabisa kama mtu anayesimulia safari yake ya likizo.

KAKA: Hiyo sauti ndo ilinitoa usingizi.

DADA: Sasa pale pale kakaa mwanamke anaitwa Denise Bombardier, mwandishi na mwanahabari kutoka Quebec kule Kanada, yeye kaja kuongelea kitabu chake cha mambo mengine kabisa. Angeweza kusubiri zamu yake. Angesema "kitabu changu kinahusu mapenzi", akapigiwa makofi, akarudi hotelini. Badala yake akasema mi hapa najiona kama niko sayari nyingine. Akasema wazee wengine wanawavuta watoto kwa pipi, bwana Matzneff anawavuta kwa jina lake. Akauliza hao wasichana watakuja kuwaje baadaye. Mbele ya kamera, jamaa kakaa hapo hapo, na ile tabasamu ya watu unaiona inakufa taratibu usoni.

KAKA: Na mi niliangalia sana nyuso za wale wengine. Hakuna aliyemuunga mkono kwa nguvu. Yaani alibaki peke yake pale kama kaharibu sherehe ya watu.

DADA: Na baada ya hapo ndo walimsema hivyo hivyo! Waandishi wa Paris walimtukana, matusi mabaya kabisa siwezi kuyarudia hapa, kwamba yeye ni mshamba, haelewi fasihi, ana chuki. Matzneff akaendelea kuandika na kuchapishwa. Miaka thelathini kaka! Mpaka Januari 2020 mwanamke anaitwa Vanessa Springora akatoa kitabu akasema mi nilikuwa mmoja wa hao, nilikuwa na miaka 14 na yeye ana karibu 50. Ndo waendesha mashtaka wa Paris wakafungua uchunguzi, ndo mchapishaji wake akaacha kuuza zile shajara. Na klipu ya 1990 ikarudi kwa nguvu, watu wote wakauliza, hivi kumbe mtu mmoja alishasema?

KAKA: Na Pivot?

DADA: Pivot mwanzo alijitetea kwamba zama zile fasihi ilikuwa inatangulizwa kuliko maadili, watu wakamjia juu, baadae akasema anajuta hakuwa na maneno yaliyotakiwa siku ile. Mi hiyo nimeipokea. Mzee wa miaka zaidi ya themanini anasema hadharani sikuwa na maneno, si kitu kidogo. Ila ona sasa, mwenyeji hakuwa na maneno, mgeni alikuwa nayo. Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mi nilizoea kuisikia kama ukarimu tu, tupate kula vizuri kwa sababu kaja mgeni, lakini pale nimeiona kwa namna nyingine kabisa. Yule mama katoka nje, hadaiwi fadhila na mtu pale Paris, hana rafiki wa kumlinda, ndo maana aliona.

KAKA: Hapo mi nakubaliana na wewe na nataka niongeze kitu maana nimefanya kazi nyuma ya hivi vipindi, nimekaa kwenye dawati la kutafuta wageni karibu miaka miwili. Watu wanadhani mwendeshaji ndo kila kitu. Kazi kubwa inafanyika kwenye simu, siku mbili kabla. Prodyuza anakupigia simu, anaongea na wewe kirafiki dakika ishirini, unadhani anakusalimia tu kumbe anakupima, unaongea haraka? una msimamo? utakasirika? Na kuna ile daftari ya majina. Mtu akija mara moja akafanya vizuri, yaani kafika mapema, kaongea kwa kifupi, hajaleta kesi, anaingia kwenye daftari na atakuwa anaitwa kwa kila kitu, leo uchumi kesho malezi keshokutwa muziki.

DADA: Wale wale kila wiki.

KAKA: Wale wale, sio kwa sababu wanajua zaidi, ni kwa sababu ni saa kumi jioni kipindi kinaanza saa mbili na mgeni kaahirisha, unampigia nani? Yule anayepokea simu na anakaa karibu na studio. Hiyo tu. Na swali nililokuwa nalichukia kuliko yote, na nimeliuliza mwenyewe mara nyingi sana, ni "wewe unaunga mkono au unapinga?" Kwa sababu viti vimeshapangwa, wawili huku wawili kule. Mtu anakwambia suala lina pande nyingi, nina mawazo matatu, unamwambia asante tutakupigia, na humpigii. Yule mama wa Quebec kwenye mfumo wangu mimi asingepita, angetakiwa aitwe kama "mpinzani", apewe dakika zake, Matzneff awe keshajiandaa, inakuwa maigizo.

DADA: Eeh. Yeye hakuitwa kupinga.

KAKA: Hakuitwa kupinga! Ndo nguvu ilipo.

DADA: Na muda pia kaka. Piga hesabu, kipindi cha saa moja, toa matangazo dakika 12, zinabaki 48, wageni sita, kila mtu dakika nane, na hapo mwendeshaji hajauliza swali, hajakohoa, hajasoma meseji za watazamaji. Katika dakika tano unasema nini cha maana? Unasema kile ambacho ulishasema jana kwingine. Uingereza Channel 4 walikuwa na After Dark, ilianza 1987, laivu usiku wa manane, masofa, watu wachache, na kipindi hakikuwa na saa ya kuisha. Kinaisha maneno yakiisha. Mtu hawezi kuficha anachofikiri kwa saa tatu, atachoka tu, atasema.

KAKA: Au kile cha John Freeman, Face to Face, BBC, 1959 mpaka 1962. Mgeni mmoja tu, mwendeshaji humuoni sura, unaona kisogo na bega, kamera imemkazia mgeni usoni. Jung, yule mtaalamu wa saikolojia wa Uswisi, aliulizwa pale kama anaamini Mungu yupo, akafikiri kidogo akasema sihitaji kuamini, najua. Kimya. Leo prodyuza angeogopa kile kimya angemwambia mwendeshaji sikioni jaza jaza. Ila sio kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri, kwenye kipindi hicho hicho 1960 Gilbert Harding, mtu maarufu sana wa tivii enzi hizo, aliulizwa kuhusu kumuona mtu akifa, na yeye alishakaa na mama yake anakufa, akalia machozi pale pale. Kumkazia mtu kamera kunataka roho ya huruma.

DADA: Brazili wana Roda Viva, tangu 1986 mpaka leo ipo, mgeni wanamuweka katikati kwenye kiti cha kuzunguka, waandishi wamemzunguka juu duara zima, na alikuwepo mchoraji katuni anamchora huku anajibu. Ile naipenda kwa sababu mgeni hawezi kumchagua wa kumuangalia, swali linatoka hata mgongoni.

KAKA: Na ile ya James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, kwenye kipindi cha Dick Cavett umeiona?

DADA: Nimeiona, mwishoni mwa miaka ya 1960 ile. Wanaongea vizuri tu, alafu analetwa profesa wa falsafa wa chuo kikuu cha Yale, Paul Weiss, anamwambia Baldwin kwa nini kila kitu lazima tukiongelee kwa rangi. Na Baldwin anajibu kwa moto lakini ukimsikiliza anapanga hoja kama anajenga nyumba, anasema mi sijui watu weupe wengi wanahisi nini moyoni, naweza kujua tu kwa kuangalia taasisi zao zilivyo, anazitaja, makanisa, vyama vya wafanyakazi, shule, moja baada ya nyingine. Sasa ukiangalia, yule profesa aliletwa ili kuwe na mzani. Na Baldwin alikubali kumjibu kama binadamu mwenzake ila hakukubali kufanywa upande mmoja wa mzani. Nadhani hiyo na ya Bombardier ni kitu kimoja.

KAKA: Sasa nikuulize, na utanisamehe kama hutaki kujibu. Hii klipu umeing'ang'ania wiki nzima. Kuna kitu.

DADA: Kuna kitu ndio. Miaka kama sita nyuma niliitwa kwenye kipindi cha tivii, sitataja kituo wala mtu. Tulikuwa watano. Mmoja wa wageni, mtu anayeheshimika, akaanza kusimulia habari ya binti mmoja mwanafunzi wake, hakumtaja jina, ila namna alivyokuwa anamwongelea, jinsi alivyovaa, kwamba binti mwenyewe alikuwa "anajua anachofanya". Watu wakacheka. Mwendeshaji akacheka. Kamera ikaja kwangu kwa sababu mi ndo nilikuwa mwanamke peke yangu pale, si unajua wanataka waone unachukuliaje.

KAKA: Mh.

DADA: Na mi nikatabasamu. Sikucheka kwa sauti, lakini nilitabasamu, na ile picha ipo, nimeitafuta juzi nimeiona. Nilikuwa naogopa wasiniite tena. Nilikuwa nafikiria nina vitabu vya kuuza, nina jina la kujenga, nikasema hii itapita dakika moja tu. Na walifurahi na mimi, prodyuza alinipigia kesho yake akasema ulikuwa mgeni mzuri sana.

KAKA: Pole dada.

DADA: Mi sio wa kupewa pole. Yule binti, kama alikuwa anaangalia nyumbani kwao, aliona watu watano wanacheka na mmoja wao ni mwanamke. Bombardier hakumjua Springora, hakujua jina lake, hakujua kama yupo. Aliongea tu kwa ajili ya mtu ambaye hayupo mezani.

KAKA: Ulikubali kurudi tena kwenye hicho kipindi?

DADA: Mara nne.

KAKA: Na wakikuita kesho?

DADA: Wameshaniita. Alhamisi ijayo, na yule mgeni wa habari ya binti naye atakuwepo. Ndo maana sijalala wiki nzima, ndo maana nakutumia klipu saa sita usiku. Nimekubali kwenda.