Kazi ya tagi Marekani, unaanzaje kama huna digrii wala uzoefu

Habari zenu wadau, wa Dar, Tanga, Unguja, Mombasa na wote mnaonicheki. Mi niko Houston, na leo naongelea kazi ya tagi, zile boti za kusukuma na kuvuta vyombo vingine, manake meseji zimejaa, kila mtu anauliza kaka unaanzaje, mi sina digrii, naweza? Kwa hapa Marekani ndiyo unaweza, ila kuna sharti kubwa na nalisema mapema kabla mtu hajauza kiwanja cha familia.

Kuna sheria inaitwa Jones Act, ya 1920. Inasema mzigo ukitoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine ya humuhumu Marekani, ubebwe na chombo kilichojengwa hapa, mwenyewe Mmarekani, na mabaharia wa hapa. Tagi zetu zimo humo. Kwaiyo kufanya kazi ya deki, yaani ubaharia wa kamba kule nje ya chombo, uwe raia au una grinikadi, kile kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, na ukitaka uje kuwa kapteni hapo ni uraia tu. Sasa mtu akikufuata huko nyumbani anakwambia nina nafasi za tagi Marekani, toa hela ya viza, mdogo wangu usimpe hata mia. Hii inaniuma kweli, wanaoliwa ni vijana wa pwani, watoto wa wavuvi, watu wanaoijua bahari toka wadogo.

Ila nyie mlioko huku tayari, mnaobeba boksi usiku kucha, na ndugu zetu Wakongo mliotokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkaletwa hapa Houston na grinikadi mnazo, nyie nawaambia hii kazi iangalieni. Anza na kadi ya TWIC, ya kuingilia bandarini, wanakuchukua alama za vidole wanakagua kama una kesi, inagharimu dola mia na kitu na inakaa miaka 5. Alafu omba kazi kampuni za matishari, vile vyombo bapa vya kubebea mzigo majini, nyingi zinachukua mtu asiyejua kitu wanamfundisha wenyewe. Utapimwa madawa, na bangi imo, hata kama jimbo lako linairuhusu, manake hii ni sheria ya taifa zima.

Kazi yenyewe sasa. Tishari halina injini, tagi ndo inalisukuma, na hapa Houston mengi yamebeba mafuta na kemikali, tishari moja la kawaida linaingiza mapipa 30,000 hivi. Wewe wa deki kazi yako ni kuyafunga yawe kitu kimoja, unapitisha waya nzito, unakaza kwa racheti mpaka mgongo unaongea, mvua inanyesha, saa nane usiku, deki inateleza. Kapteni yuko juu huko haoni mbele ya matishari, anakutegemea wewe na redio, unamtajia futi zilizobaki mpaka mgusane na gati, ukinyamaza anakuwa kipofu. Mississippi ndo usiseme, kule juu wanasukuma matishari 15 kwa pamoja, kuanzia St. Louis kushuka hamna tena yale malango ya maji ya kupandishia na kushushia vyombo, wanafunga 30 na zaidi.

Na kamba, jamani kamba. Ikikaza sana usisimame kwenye njia yake, ikikatika inarudi kama risasi na watu wamekufa hivyo. Usiweke mguu kwenye duara la kamba, usiruke kutoka tishari moja kwenda lingine, laifu jaketi usiivue ukiwa nje. Mkubwa wako akikufokea kwa hayo nyamaza umsikilize, anakutakia urudi kwa watoto wako.

Zamu ni masaa 6 kazi 6 kupumzika, usiku na mchana, mpango wa kawaida ni siku 28 majini 14 nyumbani. Chakula na kitanda bure, unalipwa kwa siku, na kampuni nyingi zile 14 hulipwi kwaiyo panga hela yako. Ukivumilia unasomea utankamani, yule anayepakia na kushusha mafuta, mshahara unapanda, na ukikusanya muda wa kutosha majini unaingia kujifunza usukani. Makapteni wengi hapa walianza na kamba hizohizo.

Na nyie mlioko nyumbani, tagi zipo, za mamlaka za bandari, TPA ya Tanzania na KPA ya Kenya, fuatilieni matangazo yao ya ajira. Tagi za Ghuba, kule Uarabuni, nazo zinachukua mabaharia wa nje. Huko wanataka cheti cha STCW, yale mafunzo ya mwanzo ya kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama kazini, unasoma chuo cha ubaharia cha DMI pale Dar au Bandari Maritime Academy Mombasa. Na mjue mkataba wa kimataifa wa mabaharia wa 2006 unamkataza wakala kukutoza hela ya kukutafutia kazi, wewe unalipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, basi. Akikudai zaidi ya hapo nenda kwa wasimamizi wa mambo ya meli, TASAC kwa Tanzania, au KMA kwa walioko Kenya, mpeleke na jina lake na risiti zake.